Kichaa cha Mbwa: Hadubini Inaona Nini Katika Ubongo?

Huku Karatu na Ngorongoro maboma mengi yana mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe na mbuzi. Lakini mbwa mwenye kichaa ni hatari kwa watu na mifugo. Wanyama wa porini nao hupata ugonjwa huu. Mwaka 1990 uligunduliwa kwa mbwa mwitu wa Serengeti, jirani zetu.

Kichaa cha mbwa si uchawi. Huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno. Kirusi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akikuuma, kirusi hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo.

Ubongo mzima na ubongo mgonjwa

Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu vidogo. Mnyama akifa, mtaalamu huchukua kipande kidogo cha ubongo wake. Hukitia rangi, kisha hukitazama.

Ubongo umejengwa kwa chembe nyingi. Chembe nzima ni kama yai: ina kiini, na ute unaokizunguka. Katika ubongo wenye kichaa, ute wa baadhi ya chembe huwa na vidoa vyekundu vya mviringo. Vidoa hivyo vilielezwa na daktari wa Italia, Adelchi Negri, mwaka 1903.

Lakini pengine vidoa havionekani, kumbe mnyama alikuwa na kichaa. Kwa hiyo leo kuna vipimo bora. Kimoja kilijaribiwa kwa ubongo wa wanyama wa Tanzania, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Penye kirusi huonekana pekundu. Pengine pote hubaki bluu.

Ukiumwa na mbwa

Usisubiri majibu ya hadubini! Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hakika atakufa. Fanya hivi:

1. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake majani wala mavi ya ng'ombe.
2. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Maliza sindano zote.
3. Mwarifu bwana mifugo. Usikate kichwa cha mbwa mwenyewe. Kazi hiyo ni yake.
4. Mbwa akiwa mzima, afungwe na kuangaliwa siku 10.

Peleka mbwa wako kuchanjwa kila mwaka. Mbwa aliyechanjwa ni ngao ya boma.

Maswali

1. Kirusi cha kichaa hufikaje kwenye ubongo?
2. Vidoa vyekundu huonekana sehemu gani ya chembe?
3. Kwa nini usisubiri majibu ya hadubini?