Soma Kichwa cha Matokeo Kabla ya Kusema "Hakuna Zabuni"

Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha akina mama alifika ofisini kwetu akiwa amekasirika, na alikuwa na sababu. Alikuwa amesikia kwamba kuna zabuni ya kusambaza chakula kwa shule za chekechea. Akaingia kwenye tovuti ya kaunti mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa: "Matokeo ya utafutaji: 0". Zabuni ikafungwa. Kumbe ilikuwa humo tangu siku ya kwanza.

Tulimuuliza, "Mama, uliingia kupitia wapi?" Akatuonyesha linki aliyotumiwa na kijana wa jirani kwenye WhatsApp. Kijana huyo alikuwa ametafuta kazi za ujenzi zilizotengewa vijana, na linki ilibeba yote aliyochagua. Mama alifungua ukurasa uliokwisha kuchujwa, na hakuna mahali palipomwambia hivyo. Hapo kosa halikuwa lake.

Sasa ukurasa umebadilishwa. Angefungua linki ile ile leo, kichwa kingesomeka: "Zabuni 0 zilizo wazi. Aina: Ujenzi. Kundi: Vijana". Angejua papo hapo kwamba sifuri ile si yake.

Kwa hivyo unapofungua ukurasa wa zabuni au wa nafasi za kazi, anza na ule mstari wa maandishi makubwa ulio juu ya orodha. Unataja idadi ya matokeo, kisha kila ulichochagua: aina, kundi, wadi, tarehe ya kufungwa. Kando ya kila chaguo kuna alama ya X. Ukiibonyeza, chaguo hilo linaondoka na idadi inabadilika. Ukibonyeza "Ondoa zote" unarudi kwenye orodha nzima. Kama uko saiba na dakika zinahesabiwa, anza na hiyo.

Wengi hukwama kwenye kuchanganya chaguo. Ukichagua wadi mbili, orodha inarefuka, kwa sababu unaonyeshwa zabuni za wadi ya kwanza pamoja na za wadi ya pili. Lakini ukichagua wadi moja na aina moja, orodha inafupika: zinabaki zile tu zenye sifa zote mbili. Ukiongeza na tarehe, unaweza kubaki na ukurasa mtupu ingawa kazi zipo.

Chaguo la "Kundi" ndilo la kuangaliwa zaidi. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa serikali itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ili kushindania sehemu hiyo ni lazima kikundi kiwe na cheti cha AGPO. Ukichagua "Wanawake", utaonyeshwa zile zilizotengewa wanawake peke yake. Zilizo wazi kwa kila mtu hazitaonekana, ilhali kikundi chako kinaruhusiwa kuziomba pia kikitimiza masharti. Tafuta mara mbili, mara ya pili bila chaguo hilo.

Mkazi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini naye amefaidika. Programu hizo humwezesha kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kwa hivyo anasikia chaguo zake kabla ya kusomewa orodha. Na ukichapisha matokeo uwapelekee wenzako kwenye mkutano, karatasi yenyewe itaonyesha ni orodha ya nini.

Ukiondoa chaguo zote na bado huoni unachotafuta, piga picha ya skrini, kichwa kikiwemo, uilete au uitume ofisini. Kichwa hicho hutuonyesha mara moja kama tatizo ni chaguo au ni zabuni ambayo haijawekwa. Unaweza pia kuomba habari hiyo kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Lakini zabuni nyingine hufungwa kabla ya siku hizo kwisha, kwa hivyo usingoje, njoo mapema.