Soko na Mama Mboga

Somo letu linaanzia Nairobi. Mwaka 2008 serikali ilifungua soko la Muthurwa ili wachuuzi watoke barabarani, waache kukimbizana na askari wa kanjo. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi walirudi mitaani na mizigo yao. Mbona? Mnunuzi wa jioni hununua nyanya pale anapopita, haendi kuzitafuta. Pesa za saruji zilipatikana. Kwa maoni yetu, mama mboga mwenyewe hakusikilizwa vya kutosha.

Tusiwacheke watu wa mjini. Sukuma na viazi vyetu huuzwa na hao hao, na mzigo wao ukimwagwa, hasara hutufikia hata sisi. Tena huku kwetu kuna vibanda vya soko vilivyojengwa mbali na njia, sasa vinalala mbuzi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hiyo msingoje Juni. Chagueni wawili waende kikaoni na ombi lililoandikwa, nakala yenu igongwe muhuri. (Maneno ya mdomo husahaulika kabla chai haijapoa.) Mkitaka kuona karatasi za bajeti, andikeni barua: sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa ofisa siku 21 kujibu.

Mjadala wa kikundi: tukijengewa soko, tunataka likae wapi, na ni nani hupita hapo saa kumi na mbili jioni?