Kiti Katika Safu: Somo la Rukhsa ya Mgonjwa



Ndugu zangu, somo la leo ni rukhsa ya mgonjwa katika sala. Nitalieleza kwa mguu wangu mwenyewe, maana huko ndiko nilikolielewa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipougua. Nilianza kuharisha, nikapona. Wiki mbili baadaye nyayo zikafa ganzi, udhaifu ukapanda magotini, na siku ya nne sikuweza kuinuka mkekani. Ugonjwa huu huitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wa Kifaransa walioueleza mwaka 1916. Kinga ya mwili, baada ya kupambana na vijidudu, huzigeukia neva, yaani mishipa inayopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Wengi hurudi kutembea, lakini polepole. Uzi wa neva ulioharibika hukua kama milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu.

Nilirudishwa nyumbani Ryansoro, na kine nikawa naifuata Gitega mjini kwa pikipiki. Mazoezi mengine nilipewa ya kufanya nyumbani: kuvuta ncha ya mguu kwa kitenge cha mama, kuinuka kitini bila kushika kitu, kusimama karibu na ukuta. Mara kumi kumi, mara tatu kwa siku. Nilifanya miezi miwili. Kisha mafuta yakawa haba, nauli ikapanda, nikakosa miadi moja, halafu ya pili, na mwishowe hata kile kitenge nikakirudisha kwa mama.

Walioniuliza niliwajibu kwamba nasubiri, Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji. Wakanisifu kwa subira. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naona haya kuburuta mguu mbele ya vijana wenzangu.

Siku moja baba mdogo, aliyesoma fiqhi kwa miaka mingi, alinikuta nimesali nimekaa.

"Mwanangu, kiti hiki umepewa na nani?"

Nikamtajia hadithi ya Imran bin Huswayn (r.a.) iliyo katika Bukhari: alikuwa mgonjwa, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala, akaelekezwa asali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu.

"Inaanza na lipi?"

"Kusimama, baba."

"Na wewe leo umeanza na lipi?"

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema kusimama ni nguzo katika sala ya faradhi, na mgonjwa hudaiwa kiasi anachokiweza. Anayeweza kusimama kwa kuegemea ukuta au fimbo, asimame hivyo. Anayeweza sehemu ya rakaa, asimame sehemu hiyo kisha akae. Aliyeanza amekaa akapata nguvu katikati ya sala, inamlazimu ainuke. Kwa hiyo rukhsa hupimwa upya katika kila sala, na mimi nilikuwa naishi kwa kipimo cha miezi mitatu nyuma.

Nikarudi Gitega. Mtaalamu wa kine hakunigombeza. Alinipima tu, akapunguza mazoezi. Alinionya pia nisijilipize kwa kufanya mengi siku moja, kwa kuwa neva zinazopona zikichoshwa kupita kiasi misuli hulegea zaidi. Hapo nilikumbuka hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kuhusu amali ndogo inayodumu. Nikayafunga mazoezi yangu na Alfajiri, Adhuhuri na Isha: nikitoa salamu na kumaliza nyiradi, nachukua kitenge. Siku ya uvivu nafanya matano, lakini siachi.

Kuna ndugu huniambia sala yenyewe ni mazoezi ya kutosha. Hapana. Sijda haijanifundisha kuinua ncha ya mguu. Kitenge ndicho kinachonifundisha, pamoja na kishikizo cha plastiki ninachovaa ndani ya kiatu.

Sasa nimerudi chuoni. Mkiniona nimeweka kiti mwisho wa safu, msikiondoe, na msinivute nikae kabla sijakaa mwenyewe. Isha ya jana nilisimama rakaa tatu, ya nne nikakaa.