Spesa za Magurudumu: Hesabu Kabla ya Kuondoka



Pikapu ni msaada mkubwa vijijini. Inabeba mahindi, mbolea, na hata wagonjwa. Baadhi ya wenye pikapu hununua rimu pana kuliko zilizokuja na gari. Wakizifunga, mara nyingine tairi husugua springi au vyuma vya usukani. Hapo ndipo fundi huleta spesa. Leo tujifunze spesa ni nini na namna ya kuifunga bila kuhatarisha maisha.

SPESA NI NINI?

Spesa ni duara la chuma au aluminiamu. Huwekwa kati ya rimu na habu. Habu ni ile sehemu yenye bolti ambayo gurudumu hufungwa. Kazi ya spesa ni kusogeza gurudumu nje.

Zipo aina mbili. Ya kwanza ni nyembamba, ina matundu tu, nayo hupachikwa kwenye bolti za gari. Ya pili ni nene. Hufungwa kwenye habu kwa nati zake, tena ina bolti zake za kushika rimu.

SWALI LA MAMA

Siku moja tuliwakuta wakulima wa kikundi kimoja wanajiandaa kwenda mnadani kwa pikapu yao. Dereva alikuwa amefunga rimu mpya na spesa nyembamba za milimita 10.

"Zimekaza, hazitoki hizi!" alisema.

Mama mtunza hazina, mhitimu wa darasa la watu wazima, akamwuliza: "Mwanangu, nati zimezunguka mara ngapi mpaka kukaza?"

"Sijahesabu, mama."

"Basi fungua moja tuhesabu."

Nati ikatoka baada ya mizunguko 3 tu. Mama akasema rimu za zamani zirudishwe. Wako walionung'unika, maana mnada haungoji mtu. Lakini mama alikuwa na haki.

HESABU YENYEWE

Pikapu nyingi, kama Toyota Hilux, zina bolti 6 kwa kila gurudumu. Unene wa bolti ni milimita 12. Nati ikizunguka mara 1, inaingia milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati iingie angalau sawa na unene wa bolti. Haya, gawanya 12 kwa 1.5. Jibu ni 8. Kwa hiyo nati izunguke si chini ya mara 8.

Spesa ya milimita 10 inakula karibu mizunguko 7. Kama zamani nati ilizunguka mara 10, sasa imebaki mara 3. Itakaza, ndiyo, lakini imeshika meno machache tu ya bolti. Meno hayo yakikatika njiani, gurudumu linachomoka na watu wako nyuma.

HATUA ZA KUFUATA

1. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono na uweke mawe kwenye magurudumu mengine. Legeza nati kidogo, kisha nyanyua kwa jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Hakikisha matundu ya spesa yanalingana na bolti, na tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu bila kuchezacheza.

3. Ondoa kutu, rangi na matope kwa brashi ya waya. Usipake grisi kwenye meno ya bolti, maana nati itakazwa kupita kiasi.

4. Tumia nati za aina inayotakiwa na rimu. Zipo zenye mdomo uliochongoka na zipo za mdomo bapa. Usizibadilishane.

5. Anza kufunga kwa mkono, huku ukihesabu. Zikipungua 8, ondoa spesa. Kwa spesa nene, hesabu nati za ndani na za nje. Angalia pia bolti za gari zisitokeze zikaizuia rimu kulala sawa.

6. Kaza nati moja, kisha ile inayoikabili. Usifuate duara. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Kwa bolti za milimita 12, mara nyingi ni kama uzito wa kilo 10 kwenye ncha ya mpini wa mita 1. Mpini ukiwa nusu mita, ni kilo 20. Usiirukie spana kwa miguu!

7. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Kwa spesa nene, toa gurudumu ukague na nati za ndani.

Usibebanishe spesa mbili, wala usiweke washa mahali pa spesa. Tena kumbuka: gurudumu likisogea nje, beringi huchoka mapema. Iliyo bora ni rimu inayokaa bila spesa.

Wale wakulima walichelewa mnadani, lakini walifika wote.

MASWALI

1. Spesa ya milimita 6 inakula mizunguko mingapi?
2. Nati ilizunguka mara 11 kabla ya kuweka spesa hiyo. Je, sasa gari ni salama? Eleza kwa nini.
3. Kagua gari moja kijijini kwenu pamoja na dereva wake.