SOMO: KUOKOTA NA KUPANGA KUNI ZA MITI MIGUMU KABLA YA MVUA

Ndugu wakazi wa Mantapala,

Mvua za sehemu hii ya Luapula huanza mwishoni mwa Oktoba au mwezi wa Novemba, na huendelea mpaka Aprili. Kila mwaka, siku chache baada ya mvua ya kwanza, mambo ni yale yale. Kuni zilizotupwa nyuma ya nyumba zimelowa. Moto hauwaki, unafuka tu. Maharage yanakaa jikoni toka asubuhi mpaka saa kumi na bado ni magumu. Mama anauza sehemu ya unga wake ili anunue makaa, yale tunayoyaita makala, au anamtuma binti porini peke yake, wakati majani yamekuwa marefu na mtu haoni hatua kumi mbele yake. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunajua ni mambo gani yanaweza kuwapata wasichana katika safari hizo. Hatutayaandika hapa. Kila mzazi anatuelewa.

Somo hili linataka jambo moja tu: kuni za kupikia Desemba, Januari na Februari ziwe zimeokotwa, zimepasuliwa na kupangwa ifikapo mwisho wa Septemba.

Miti ya kutafuta

Wengi wetu tulikuja mwaka 2017 na 2018 kutoka upande wa Pweto, Moba na vijiji vya jirani. Pori la hapa ni lile lile la miombo tuliloliacha ng'ambo, na hata majina ya miti ni karibu yale yale: mubanga, kaimbi, mutondo, muputu, musamba, mulombwa, musuku. Kwa hiyo usiseme kwamba pori hili hulijui.

Mubanga na kaimbi ndiyo migumu kupita mingine. Ukikuta tawi la mubanga lililoanguka zamani, gome limeisha na sehemu ya nje imeoza, usilipite. Gonga kwa mgongo wa panga. Ndani yake moyo wa mti bado ni mzima, kwa sababu mchwa na ukungu hawauwezi upesi. Mutondo na muputu ni kuni nzuri za kila siku, lakini zikilala chini huliwa haraka. Hizo uziokote katika kiangazi kile kile zilichoanguka.

Watu wengine hubisha hapa. Wanasema kilo ya kuni kavu ni kilo ya kuni kavu, iwe ya mti mgumu au mwepesi, joto halipitani sana. Ni kweli. Na anayebeba kichwani anabeba uzito, habebi ukubwa. Faida ya mti mgumu ni nyingine: unaungua polepole na kuacha kaa linalokaa, kwa hiyo maharage yanaiva bila kuchochea kila mara, nao unachukua nafasi ndogo katika rundo na hauozi kabla ya Januari. Ubaya wake ni kwamba hauwaki upesi. Weka vijiti vyembamba vya miti myepesi kwa ajili ya kuwashia.

Kilicho kikubwa kuliko aina ya mti ni maji. Mti mbichi huwa na maji kati ya theluthi moja na nusu ya uzito wake. Dada anayebeba kilo 20 za kuni mbichi anabeba kilo 7 mpaka 10 za maji, umbali wote huo. Akifika nyumbani, moto wake lazima uyachemshe kwanza maji hayo yaliyo ndani ya ukuni, ndipo joto lifike kwenye sufuria. Ndiyo sababu ya ule moshi, na moshi wa jikoni unaumiza mapafu ya watoto wadogo na kuwaletea nimonia.

Namna ya kuutambua ukuni mkavu: ni mwepesi kuliko unavyotazamia, una nyufa kwenye vichwa, gome linabanduka kwa mkono, na ukigonga vipande viwili unasikia sauti kali kama ya ubao. Ukuni wenye maji hutoa sauti ya kuziba.

Si kila kuni iliyolala chini imetupwa

Tafadhali somo hili la sehemu ya pili lisomeni kwa makini, maana ugomvi mwingi na wenyeji huanzia hapa.

Katika mikoa ya kaskazini ya Zambia kuna kilimo cha zamani kinachoitwa chitemene. Mkulima hupanda juu ya miti na kukata matawi, huyaacha yakauke, kisha huyakusanya na kuyarundika sehemu moja. Karibu na mvua huyachoma, na katika majivu yale hupanda ulezi. Ukipita mwezi wa Agosti utaona marundo makubwa ya matawi makavu ya mutondo na musamba, hakuna mtu, hakuna uzio. Utadhani Mungu amekuwekea. Lakini rundo lile ndiyo mbolea ya mtu. Ukichukua mizigo mitatu, umechukua sehemu ya shamba lake, naye atajua, kwa maana amelipanga kwa mikono yake.

Utaratibu ni kuuliza. Mara nyingi mkulima akiulizwa mapema, kabla hajachoma, ataonyesha magogo mazito asiyoyahitaji, kwani matawi membamba ndiyo yanayoungua vizuri na kuwa majivu. Wako waliopata kuni za mwezi mzima kwa kusaidia kazi ya siku moja shambani. Nenda na mtu anayejua Kibemba, salimia kwanza, piga magoti kama desturi inavyotaka, ndipo useme shida yako. Vichaka vya makaburi usivichukulie hata kijiti.

Mti ulio hai uache. Mutondo na musamba ndiyo miti inayolisha viwavi tunavyovila sote, wakimbizi na wenyeji. Visiki navyo usivichimbe. Miti ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na kisiki kilichong'olewa hakichipui kamwe. Wala usimenye gome la mti mzima ili upate kamba ya kufungia mzigo. Mti uliomenywa kuzunguka shina unakufa kwa ajili ya kamba ya siku moja. Nenda na kamba kutoka nyumbani. Na kumbuka kwamba tunazungumzia kuni za kupikia nyumbani kwako tu. Kuchoma makaa ya kuuza kunahitaji kibali cha Idara ya Misitu, na kuyasafirisha pia.

Mkiwa porini

Nendeni kikundi, asubuhi, na mwache habari nyumbani mnaelekea upande gani. Vaa viatu vinavyofunika miguu kama unavyo.

Usiingize mkono chini ya gogo. Piga gogo kwanza kwa fimbo ndefu, ungoje kidogo, halafu livute lizunguke kuja upande wako. Watu wengi hulisukuma mbele. Hapo kama kuna nyoka, wewe na yeye mnatazamana. Ukilivuta kuja kwako, gogo linakuwa kati yenu, naye ana njia ya kukimbilia upande wa pili. Bafe hasa, wengine humwita moma, hakimbii akisikia mtu. Anakaa kimya, na rangi yake ni ya majani makavu. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, asinyonywe jeraha. Avuliwe bangili na pete, atulizwe, mguu usitembezwe, abebwe kwenda kliniki mara moja.

Tawi lililovunjika na kukwama juu, usilivute kwa kamba wala usimpandishe mtoto. Litaanguka lenyewe, siku nyingine utalichukua.

Kuhusu uzito, kipimo ni hiki: mzigo ambao huwezi kuunyanyua mpaka kiunoni peke yako, umezidi. Punguza. Mama mjamzito asibebe kabisa, na baba wa nyumba hiyo anajua njia ya porini sawasawa na mwingine yeyote.

Kupasua na kupanga

Kata vipande vya urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Kinachozidi unene wa kifundo cha mkono, kipasue. Maji hutoka kwenye vichwa vya ukuni na kwenye sehemu iliyopasuliwa. Kwenye gome hayatoki vizuri. Mubanga uliokauka sana huirusha shoka, kwa hiyo tafuta ufa ulioko kichwani na uanzie hapo kwa kabari. Kipande kiegemee gogo jingine. Asikishike mtoto, wala usikikanyage kwa mguu.

Mwaka 2019 nyumbani kwetu tulipanga kuni nzuri ajabu, tukaziegemeza ukuta wa nyuma kwa sababu pale paa linakinga mvua. Mwezi wa Februari tulipozigusa, safu ya chini ilikuwa udongo mtupu, na mchwa walikuwa wameshapanda ukutani mpaka kwenye fito za paa. Tulipoteza kuni, kisha tukajenga upya ukuta. Tangu hapo tunafanya hivi:

Tunachagua mahali palipoinuka kidogo, hatua tano au zaidi kutoka nyumbani na mbali na jiko. Tunaweka mawe, na juu ya mawe fito mbili nene za mubanga, ili kuni zikae juu ya ardhi shubiri moja au zaidi. Anayetaka anamwaga majivu chini. Yanasaidia kidogo, lakini hayachukui nafasi ya mawe. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia ya udongo juu ya jiwe, nawe utaiona. Kila Jumamosi mtoto mmoja anatazama na kuivunja.

Rundo liwe safu moja, siyo safu tatu zilizobanana. Vichwa vya kuni vielekee upande upepo unakotoka. Upepo wa kiangazi hapa hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo rundo linalala kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwenye ncha mbili za rundo panga vipande kwa kupishana, viwili hivi, viwili hivi, kama wanavyopanga matofali ya tanuri. Hiyo ndiyo nguzo inayozuia rundo lisimwagike. Katikati acha nafasi za kupita upepo. Kimo kisizidi kiuno cha mtu mzima, kwa sababu watoto watapanda, hata ukiwakataza.

Safu ya juu kabisa ilazwe gome likitazama juu, maji yateleze. Ikifika Oktoba, juu yake jenga kipaa kidogo cha majani chenye mteremko. Mwenye kipande cha plastiki afunike juu tu na kuacha pande zote wazi. Ukilifunga rundo kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi, litatoa jasho ndani na kuota ukungu.

Kiasi gani

Pima mwenyewe. Wiki moja hesabu mizigo uliyochoma. Tuseme ni mitatu. Wiki 12 za mvua kubwa zinataka mizigo 36. Kutoka mwanzo wa Juni mpaka mwisho wa Septemba ni wiki 17. Ukiongeza mizigo miwili kila wiki juu ya ile unayoitumia, utakuwa na 34. Wako watakaosema hawawezi miwili. Basi mmoja, na nusu ya mvua imeondoka. Loweka maharage usiku, funika sufuria, na ukimaliza kupika zima vinga kwa mchanga uvitumie tena kesho. Hapo rundo litafika mbali zaidi.

Mvua ikianza, chukua kuni kutoka ncha moja ya rundo, siyo kutoka juu, ili kipaa kisivurugwe. Kuni za kesho ziingize ndani leo jioni. Na ikitokea umenunua makaa, mbaula usilale nayo ndani hata baridi ikizidi. Hewa yake haina harufu wala moshi, na huua watu wakiwa usingizini.

Asiyekuwa na mtu wa kumpasulia, yaani wazee, wagonjwa na wanaokaa peke yao, amwambie kiongozi wa bloku yake kabla ya Agosti. Vijana wenye mashoka wapo, wanachohitaji ni kuambiwa nyumba.