Kwa Nini Maharage Yanagoma, na Mbinu Nyingine za Jikoni

Maharage yamekaa jikoni saa mbili. Mkaa unakwisha, na ukiyabonyeza bado yana kiini kigumu. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, jiulize kwanza: nyanya ulitia saa ngapi?

Kinacholishikilia harage ni pektini, ileile inayoigandisha jemu. Harage haliwezi kulainika mpaka pektini iachie, na tindikali huizuia isiachie. Nyanya, ndimu na ukwaju vyote vina tindikali. Kwa hiyo chemsha maharage kwa maji tu mpaka yabonyeke vizuri kwa vidole viwili, kisha ndipo uunge. Ukitanguliza nyanya, utachoma mkaa mpaka jioni.

Maji yenyewe nayo yana neno. Maji magumu ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yana kalisi, na kalisi inakaza pektini zaidi. Kama una maji ya mvua, yatumie kwa maharage. Chumvi ya mezani, ambayo wengi wanaiogopa, haina kosa. Tia kijiko kimoja kwenye maji ya kuloweka usiku kucha na ganda litalainika. Asubuhi mwaga maji hayo, maana yameondoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi.

Magadi nayo? Yanafanya kazi kweli, kwa sababu ni kinyume cha tindikali: yanailegeza pektini. Ila tia kidogo tu, ncha ya kijiko. Ukizidisha, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Tena magadi ya asili huweza kuwa na floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto wanaokua. Nyumba yenye watoto wadogo ishike njia ya kuloweka.

Sasa kama umehama Dar es Salaam ukaenda Nairobi au Mbeya na unaona vyakula vimekuwa vigumu kuiva, hukosei. Maji ya pwani yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Nairobi, karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Kileleni Kilimanjaro, meta 5,895, ni kama 81 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyabani maji, basi yanatokota kabla hayajapata joto la kutosha.

Kuchochea moto hakusaidii. Maji yakishachemka hayapandi tena joto hata uwashe jiko zima. Yanatoa mvuke mwingi zaidi na gesi yako inakwisha. Punguza moto, funika, acha yatokote taratibu. Ukiishi nyanda za juu, nunua sufuria ya presha. Inaubana mvuke ndani na kulipandisha joto mpaka karibu 120, na maharage yanaiva kwa muda mfupi popote ulipo. Angalizo moja: kabla ya kupunguza moto, maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10. Mabichi yana sumu inayotapisha, na moto mdogo peke yake hauiui.

Maziwa ni kesi fupi. Maji yanachemka kwa adabu, maziwa yanafurika mara tu ukigeuza kichwa. Kinachosababisha ni ule utando wa juu, protini na mafuta, unaounasa mvuke chini yake mpaka unasukumwa wote nje. Jaza sufuria nusu tu, koroga, na laza mwiko wa mti juu ya mdomo wa sufuria. Mapovu yakiugusa yanapasuka. Mwiko haukupi ruhusa ya kutoka nje, unakupa dakika mbili za ziada.

Kitunguu kinakuliza kwa sababu kisu kinapasua vyumba vidogo ndani yake, na vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa vinakutana na kuzaa gesi. Kadiri unavyoponda, ndivyo gesi inavyozidi. Noa kisu. Kiweke kitunguu kwenye friji nusu saa. Kata kwa utulivu, dirisha likiwa wazi, na kitako chenye mizizi ukiache mwisho. Habari za kung'ata kipande cha mkate wakati unakata, mimi nawaachia wanaopenda mkate.

Kwenye pilipili tukae kidogo, maana hapa watu wanajitesa bure.

Pilipili haiunguzi kitu. Kemikali yake, kapsaisini, inaukamata mshipa wa fahamu ambao kazi yake ni kuripoti joto kuanzia nyuzijoto 43 hivi. Mshipa unapiga kelele za moto, ubongo unaamini, jasho linakutoka. Mwanasayansi David Julius wa San Francisco na wenzake walikitambua kipokezi cha mshipa huo kinachoshikwa na kapsaisini mwaka 1997, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Ukinywa maji baridi unapata nafuu kidogo kisha moto unarudi, maana umeisambaza mdomo mzima. Kunywa maziwa au mtindi. Kama huna, weka kijiko cha tui mdomoni, au tafuna tonge la ugali. Mafuta yanaiyeyusha, na protini ya maziwa inaibandua pale iliposhika.

Mikono ni hivyohivyo. Ukishakata pilipili, sabuni peke yake haitoshi, na utalijua hilo ukigusa jicho. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, sugua mpaka chini ya kucha, ndipo unawe kwa sabuni. Bora zaidi, paka mafuta kabla ya kukata. Na ukitaka kupunguza ukali wa pilipili kichaa bila kupoteza harufu, toa ule utando mweupe wa ndani. Mbegu zinasingiziwa, ukali wake ni wa kuambukizwa na huo utando zilioshikana nao.

Kuku hasikii ukali huo hata kidogo. Kipokezi cha ndege hakishikwi na kapsaisini, ndiyo maana wanazidonoa pilipili bustanini na kusambaza mbegu. Usipoteze pesa kunyunyizia maji ya pilipili ili kuwafukuza kuku; jenga uzio. Wanyama wanaonyonyesha ndio wanaoisikia. Wakulima wanaopakana na hifadhi, Tanzania na Kenya, husaga pilipili, huichanganya na oili chafu ya gari, kisha hupaka kamba na vitambaa kuzunguka shamba. Tembo, kwa pua ile, anafikiri mara mbili.

Ndizi sasa. Bibi anajua kuvundika. Wewe jua kinachotokea humo ndani ili usiharibu mkungu mzima.

Tunda linaloiva linatoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo inayaamrisha matunda ya jirani nayo yaive. Iligunduliwa kwa njia ya ajabu. Katika miji ya Ulaya ya zamani taa za barabarani ziliwaka kwa gesi, na miti iliyo karibu na mabomba yanayovuja ilipukutisha majani kabla ya wakati. Mwaka 1901 kijana aitwaye Dimitry Neljubow, huko St. Petersburg, alionyesha kuwa ndani ya gesi ile kilichokuwa kikiisumbua mimea ni ethilini. Moshi wa kuni nao unayo. Kwa hiyo wazee waliofukia ndizi kwenye shimo lililopashwa moto hawakuwa wakibahatisha.

Wewe huhitaji shimo. Chukua boksi au mfuko wa karatasi, panga ndizi mbichi zilizokomaa, tia katikati ndizi moja iliyoiva sana au parachichi bivu, kunja mdomo wa mfuko na uweke pakavu penye joto. Usitumie nailoni na kuikaza. Tunda linapumua, unyevu utajaa na ukungu utaota. Chungulia kila siku. Parachichi na embe ni hivyohivyo.

Ukitaka kuchelewesha, fanya kinyume. Tenga iliyoiva na wenzake mara uionapo. Ndizi zikishaiva zipeleke kwenye friji. Ganda litakuwa jeusi, ndani ziko salama. Wala usirundike matunda mabivu na mchicha kwenye kapu moja, utaamka umekuta majani ya manjano. Karoti zikikaa na ndizi mbivu zinakuwa chungu.

Nanasi, chungwa na zabibu hazivundikiki. Zikishachumwa, utamu wake ndio huohuo. Kwa hiyo ukiambiwa gengeni "hili litaiva kesho kutwa", nusa kitako cha nanasi. Kama halinukii leo, chagua jingine.

Na wale wanaoivisha embe kwa mawe ya kabaidi, yanayotoa gesi ya kuchomelea vyuma? Mawe hayo huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Osha embe vizuri na umenye kabla ya kula. Au nunua bichi, uvundike mwenyewe.

Nanasi pia linakuuma ulimi, na hapa kuna faida. Lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, na protini ni pamoja na ulimi wako. Papai bichi lina ndugu yake, kwenye ule utomvu mweupe. Ndiyo siri ya mishkaki laini ya pwani. Likune papai bichi, changanya kijiko kimoja cha chakula kwa kilo ya nyama, acha nusu saa mpaka saa moja, choma. Usilaze nyama na papai usiku mzima, asubuhi utakuta uji. Joto linakiua kimeng'enya, kwa hiyo papai lililopikwa halilainishi kitu. Na juisi ya nanasi ukiichanganya na maziwa, inywe papo hapo. Ikikaa inakuwa chungu, kwa kuwa protini ya maziwa nayo inakatwakatwa.

Bisi zinazogoma kupasuka usizitupe. Punje ya bisi ni bomu dogo: ndani ina unyevu, karibu asilimia 14, na ganda lisilovuja. Ikifika nyuzijoto 180 hivi, mvuke unalipasua ganda. Punje zilizokaa sana zimekauka, hazina mvuke wa kulipuka. Zitie kwenye chupa yenye mfuniko, ongeza kijiko kimoja cha maji kwa vikombe vitatu, tikisa, acha siku tatu huku ukitikisa kila ukipita. Kisha jaribu chache kwanza.

Mtungi unapoza maji kwa kutoa jasho. Maji yanapenya udongo, yanageuka mvuke nje, na mvuke unaondoka na joto. Kwa hiyo usiupake rangi ya mafuta, hata kama unapendeza. Uweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda, si kwenye kona ya stoo. Utafanya kazi nzuri zaidi Dodoma kuliko Tanga, maana hewa yenye unyevu mwingi haipokei mvuke zaidi. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliweka chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga mbichi katikati na kufunika kwa kitambaa kilicholowa. Bilinganya zilizokuwa zikidumu siku 3 zilidumu 27. Alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Ukitaka kutengeneza chako, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni.

Namalizia na barafu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friza zilikuwa chache, akaingiza maziwa yake yangali moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilohilo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakaandika pamoja kuhusu jambo hilo. Wanasayansi wanabishana mpaka leo; kuna waliorudia mwaka 2016 na kusema hawaoni ushahidi wa kuaminika.

Pima mwenyewe. Chukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana na maji kiasi kilekile, kimoja moto na kingine vuguvugu. Ondoa kwanza theluji iliyoganda kwenye friza, kwani kikombe cha moto huiyeyusha na kukaa sawasawa kwenye chuma baridi, na hapo umeshakipendelea kimoja. Usifungue mlango ovyo. Rudia ukibadilisha nafasi za vikombe. Glasi usitumie, itapasuka.

Ukiwa na wageni na hakuna muda wa kubishana, mimina maji ya kawaida kwenye sinia la bati, yawe na kina cha vidole viwili tu. Ukiona yameganda, yavunje kwa mwiko.