Akiba ya Nasaba: Utunzaji wa Faili za Historia ya Ukoo katika Tarakilishi ya Nyumbani

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokwenda nyanjani, aghalabu huanzia kwao. Humrekodi nyanya akisimulia jinsi ukoo ulivyohama, hukusanya nyimbo za arusi na za matanga, hupiga picha barua na vyeti vya zamani, kisha huchora shajara ya nasaba. Yote hayo hutiwa katika tarakilishi moja iliyoko nyumbani, na mtafiti huona kwamba kazi imekwisha.

Makala haya yanashikilia kuwa kazi hiyo haijakwisha. Data ya nasaba huhesabika kuwa imehifadhiwa pale tu inapokuwa na nakala za akiba zilizotenganishwa na kukaguliwa. Kitabu kikipotea hununuliwa kingine, na hata sura ya tasnifu huweza kuandikwa upya. Sauti ya mzee aliyekwisha kuaga dunia hairekodiwi mara ya pili.

2.0 Funzo la Miswada

Tatizo hili si geni katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Tarihi iitwayo Habari za Pate inasimulia nasaba na tawala za Wanabahani waliotawala Pate. Inaelezwa kwamba mswada wake uliangamia Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Matini zinazosomwa leo zimetokana kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu ya mzee mmoja, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabahani, aliyejulikana kama Bwana Kitini. Matini hizo zinahitilafiana katika miaka na katika baadhi ya maelezo ya tawala, wala hakuna mswada asilia wa kuamua ipi ni sahihi.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalipata bahati tofauti. Yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika kwa ushirikiano na mmishonari W. E. Taylor, na karatasi za Taylor zikahifadhiwa London. William Hichens akayachapisha kama diwani huko Johannesburg mwaka 1940. Kilichoyaokoa ni kwamba yaliandikwa upya na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja. Faili iliyomo katika tarakilishi moja ni sawa na mswada wa Witu kabla ya kuangamia.

3.0 Vyanzo vya Upotevu

Vyanzo hivi vinajulikana. Diski kuu ya tarakilishi huchakaa na kufa, mara nyingine bila dalili yoyote. Umeme ukikatika faili inapoandikwa, faili hiyo huweza kuharibika. Nasi tunakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani kwa saa nyingi. Kuna virusi vinavyofunga faili zote hadi mwenyewe alipe fidia. Kuna pia mkono wa jamaa anayefuta kabrasha asilolijua ili apate nafasi ya filamu.

Hata hivyo, wizi unahitaji kutajwa peke yake. Wanafunzi wengi hubeba tarakilishi ya mkononi, diski ya nje na diski ya flashi katika mkoba mmoja. Mkoba ukiibwa, vyote vimekwenda. Nakala tatu katika mkoba mmoja ni nakala moja.

4.0 Kanuni ya Tatu, Mbili, Moja

Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni nyepesi: kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali. Kwa mtafiti wa ukoo, nakala ya kwanza ni ile ya tarakilishi, ya pili iko katika diski ya nje, na ya tatu iko katika hifadhi ya mtandaoni au kwa jamaa anayeishi mji mwingine.

Gharama si kisingizio kikubwa. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha sidii, huchukua takriban megabaiti 600. Saa kumi ni kama gigabaiti 6, ambazo hutoshea katika diski ya flashi ya kawaida. Kuzipeleka mtandaoni ndiko ghali. Hivyo basi, sauti asilia ziwekwe katika diski ya nje na diski nyingine ipelekwe kwa jamaa. Mtandaoni yapelekwe maandishi, shajara na sauti zilizobanwa, ambazo huweza kuwa takriban megabaiti 60 kwa saa.

Aidha, siri za ukoo si mali ya mtafiti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na juu ya sheria kuna adabu. Mzee aelezwe nakala zitakaa wapi na nani atazisikia. Na hifadhi ya mtandaoni ifungwe kwa nywila madhubuti.

5.0 Akiba Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika tarakilishi, akiba huoza. Diski ya flashi iliyoachwa kabatini miaka mingi huweza kupoteza data. Vyombo navyo hupitwa na wakati: disketi zilizobeba tasnifu za watangulizi wetu hazina pa kutiwa katika tarakilishi za leo. Kwa hiyo, kila baada ya miezi michache, nakala ifunguliwe katika tarakilishi nyingine na isikilizwe mwanzo, katikati na mwisho.

Zipo tahadhari tatu zaidi. Kwanza, huduma inayooanisha faili za tarakilishi na za mtandaoni si akiba kamili, kwani faili ikifutwa huku, hufutika na kule. Pili, programu nyingi za nasaba hutoa faili ya GEDCOM, mfumo ulioanza mwaka 1984. Toleo lake la 5.5.1, ambalo limeenea sana, hubeba majina, tarehe na uhusiano, lakini sauti na picha zenyewe hubaki nje. Basi linakiliwe kabrasha zima. Tatu, majina ya faili yajieleze. Katika jamii kama Agikuyu, ambako wajukuu hurithi majina ya babu na nyanya, faili iitwayo “Kamau” haimtambulishi mtu. Liandikwe jina kamili, kizazi, mahali na tarehe ya mahojiano.

6.0 Hitimisho

Tasnifu iliyojalidiwa huonyesha dondoo chache tu za data. Rekodi nzima mara nyingi hubaki kwa mwanafunzi, na huondoka naye anapohitimu. Tunapendekeza idara za Kiswahili zidai nakala ya data, kwa idhini ya wasimulizi, pamoja na tasnifu yenyewe. Ukoo nao upewe nakala yake, na shajara ichapishwe karatasini ili wasio na tarakilishi waisome na kuisahihisha. Mali bila daftari, huisha bila habari. Na daftari lisilo na nakala, huisha vivyo hivyo.